Ndege, Pete na Daftari

Je, ndege wa porini huishi miaka mingapi? Kuku tunamjua umri wake kwa kuwa tunamfuga, ingawa ni wachache wanaoachwa wafe kwa uzee. Lakini ndege wa bahari, ambaye hakanyagi nchi kavu ila anapotaga, nani atajua alizaliwa lini? Manyoya yake hayaoti mvi. Akisha kuwa mzima, yule wa miaka 10 na yule wa miaka 40 hufanana kama shilingi mbili. Wala hatuwezi kumwuliza huenda wapi anapotutoka, wala kama jamaa zake wanaongezeka au wanapungua.

Umri, safari na idadi: maswali haya yana majibu, lakini hayapatikani kwa kutazama ndege siku moja, hata uwe na macho makali namna gani. Hupatikana kwa kuandika, na kungoja, na kurudi kutazama tena. Katika somo hili tutaona jinsi kazi hiyo ifanywavyo, kwa habari za mtu mmoja aliyeifanya miaka 60, Bwana Chandler Robbins wa Marekani, na za ndege mmoja aliyepita mikononi mwake.

Tuanze na pete. Ukitaka kumtambua ndege mmoja kati ya maelfu wanaofanana, hapana budi umtie alama. Alama itumikayo ni pete nyepesi ya alumini, ambayo huzungushwa mguuni kwa koleo, isibane wala isivuke. Juu yake imechorwa namba ambayo hakuna ndege mwingine aliye nayo, pamoja na jina la ofisi ya kupelekewa habari. Mvishaji huandika katika daftari lake namba ile, aina ya ndege, mahali, tarehe, na umri kama unajulikana. Kisha humwachia ndege aende zake. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Baada ya hapo hutegemea bahati, na uungwana wa mtu ye yote, pengine mkulima au mvuvi wa nchi ya mbali, atakayemwokota yule ndege na kusoma namba. Ndege wengi hawaonekani tena kabisa. Na pete ambayo haikuandikwa katika daftari ni pambo tu.

Mfano ulio karibu nasi ni wa mbayuwayu. Zamani watu wa Ulaya, walipoona mbayuwayu wao wakitoweka kila wakati wa baridi, baadhi yao walidhani wanajificha ndani ya matope ya mabwawa. Wengine walisema huenda Afrika. Lakini Afrika ni kubwa. Basi mwezi wa Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete huko Staffordshire, Uingereza, na mwezi wa Desemba 1912 akakamatwa Natal, Afrika ya Kusini, pete ikiwa mguuni. Namba moja ndogo ikatoa jibu lililobishaniwa miaka mingi. Kazi ya namna hii ilianza Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, mwaka 1969. Huko ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia, wakipita usiku wa ukungu usio na mwezi, huvutwa na taa za hoteli wakashuka, nao wataalamu huwangoja na nyavu zao. Na sisi hapa Uganda tunao wageni wa namna hiyo: buabua wa mabawa meupe wanaokusanyika Lutembe, karibu na Entebbe, ambao hutaga mayai yao mbali sana, katika Ulaya ya Mashariki na Asia.

Sasa tumtazame Bwana Robbins. Alizaliwa mwaka 1918 katika jimbo la Massachusetts. Wanafunzi wengi hudhani mtaalamu wa ndege hakusoma lo lote ila habari za wanyama. Robbins alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu mwaka 1940, akafundisha hesabu na sayansi shuleni. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili aliingia kituo cha Patuxent, jimbo la Maryland, ambako Serikali ya Marekani huchunguza ndege na wanyama wa porini. Hakuondoka tena mpaka alipostaafu mwaka 2005. Nadhani ile fizikia na ile hesabu hazikupotea bure, kama mtakavyoona.

Mwaka 1956 alitumwa Midway. Hivi ni visiwa vidogo vya mchanga katika Bahari ya Pasifiki, vilivyo karibu nusu ya njia baina ya Amerika na Asia. Waliosoma historia wanalijua jina hilo kwa ajili ya vita vikubwa vya manowari na eropleni vya Juni 1942. Baada ya vita Jeshi la Wanamaji la Marekani liliendelea kutumia kiwanja cha ndege kilichokuwapo, nalo likapata adui lisiyemtazamia. Kiswahili chetu huviita vyote viwili ndege, na pale Midway ugomvi ulikuwa baina ya ndege na ndege. Kwa hiyo hapa nitasema eropleni, nisiwachanganye.

Adui huyo alikuwa albatrosi wa Laysan. Ni ndege mweupe mwenye mgongo na mabawa ya rangi nyeusi-nyeusi, mwili wake kama wa bata bukini, lakini mabawa yake yakinyoshwa hufika futi 6 na nusu kutoka ncha hata ncha. Chakula chake ni ngisi, samaki na mayai ya samaki, naye hukitafuta maelfu ya maili kutoka kisiwani. Hutaga yai moja tu kwa mwaka. Baba na mama hupokezana kulilalia kwa muda wa siku 65 hivi, kisha humlisha kinda kwa miezi mitano na zaidi mpaka aweze kuruka. Kinda huyo akienda baharini, hurudi baada ya miaka kadhaa, wala hataanza kutaga kabla ya umri wa miaka 5. Mkumbuke tarakimu hiyo ya 5, maana tutaihitaji.

Midway ndiyo maskani yao makubwa kuliko yote duniani, na walikuwa hapo kabla ya mtu ye yote. Eropleni zilipopaa na kutua, ziligongana nao. Ndege wa ratili 6 akigonga eropleni iendayo kasi si jambo la mchezo. Injini huharibika, na roho za watu zimo hatarini. Wanamaji wakajaribu moshi, wakajaribu makelele, wakajaribu kuwahamisha.

Hilo la kuwahamisha lilileta jaribio ambalo kwangu ni tamu kuliko yote. Wataalamu wawili, Kenyon na Rice, walichukua albatrosi 18 kutoka Midway, wakapelekwa kwa eropleni sehemu mbalimbali za Pasifiki, wakaachiliwa huko, wengine katika nchi ambazo aina yao haionekani kabisa. Katika hao 18, ndege 14 walirudi. Mmoja aliyeachiliwa pwani ya jimbo la Washington alivuka maili 3,200 kwa siku 10 hivi. Mwingine aliachiliwa Visiwa vya Filipino, maili 4,120 kutoka kwao, akafika baada ya siku 32. Hapakuwa na njia ya kufuata wala nchi ya kuitazama chini, maji matupu. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1958, na wazo la kuwahamisha ndege likafa hapo.

Hapa fizikia ikaingia. Albatrosi hapigi mabawa sana. Huyakaza yakawa kama ubao, akaacha upepo umbebe. Karibu na maji upepo huenda polepole kwa sababu unasuguana na mawimbi. Juu kidogo huenda kasi. Albatrosi hupanda akiukabili upepo, na kadiri anavyopanda ndivyo unavyozidi nguvu chini ya mabawa yake; kisha hugeuka, akateremka kasi pamoja nao, akageuka tena. Kwa namna hiyo husafiri mchana na usiku kwa gharama ndogo sana. Tena upepo unaogonga kilima hauna pa kwenda ila juu, na ndege huyu huupenda upepo unaopanda. Robbins na wenzake walipochunguza, waliona kwamba albatrosi wengi walikuwa wakielea juu ya vilima vya mchanga vilivyokuwa kando ya njia ya eropleni. Vilima vikisawazishwa, upepo haupandi tena, na ndege hupungua mahali pale. Dawa ikawa ni tingatinga la kusawazishia mchanga.

Ningependa kuandika kwamba jambo liliishia hapo, lakini sivyo. Katika miaka ile ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 albatrosi makumi ya maelfu waliuawa Midway ili kulinda eropleni. Waliowaua hawakuwa watu wakatili kuliko wengine. Walikuwa na kazi yao, na ndege walionekana kuwa wengi wasiokwisha. Lakini jamii inayotaga yai moja kwa mwaka, na kuanza kuzaa ikiwa na miaka mingi, haijazi pengo lake upesi kama kuku au njiwa. Hilo halijulikani mpaka mtu apime umri wao.

Tarehe 10 Desemba 1956, katika kazi hiyo hiyo, Robbins alivisha pete albatrosi 99 waliokuwa wakilalia mayai karibu na nyumba za wanamaji. Hakuna aliyepewa jina. Waliandikwa kwa namba, mmoja baada ya mwingine, na Robbins akarudi kwao Maryland.

Tuwaache ndege wale baharini kwa kitambo, maana Robbins naye aliwaacha. Nyumbani kulikuwa na shida nyingine, nayo ni D.D.T. Wazee wetu waliosoma zamani wanaikumbuka harufu yake. Ilikuwa dawa ya kuua wadudu, nayo iliokoa watu wengi sana na malaria, kwa hiyo sitaki mtu aisome habari hii kama hadithi ya shetani. Lakini tangu miaka ya 1940 watu wa Patuxent, Robbins akiwa mmojawapo, walikuwa wakipima kinachowapata ndege msitu unyunyiziwapo dawa hiyo, nao waliona kwamba mahali ilipomwagwa mwaka hata mwaka, baadhi ya ndege walipungua. Mwandishi Rachel Carson, aliyekuwa mhariri katika idara iyo hiyo ya Serikali, alieleza hatari za dawa hizo katika kitabu chake cha mwaka 1962, na Marekani ikakataza matumizi ya D.D.T. mashambani mwaka 1972.

Siku moja katika miaka hiyo Robbins alipata barua ya mama mmoja. Alikuwa ameona ndege waitwao robini wakifa katika ua wake baada ya dawa kunyunyizwa. Swali lake lilikuwa fupi: je, robini wa nchi nzima wanapungua, au ni hawa wa kwangu tu? Robbins akagundua kwamba hakuna mtu Marekani awezaye kulijibu. Vitabu vya ndege vilijaa maktaba, vyuo vikuu vilikuwa na maprofesa, na hakuna aliyejua kama ndege anayejulikana na kila mtoto alikuwa akiongezeka au akipungua, kwa sababu hakuna aliyekuwa amehesabu jana ili aweze kulinganisha na leo.

Akatunga njia ya kuhesabu, ambayo ilianza mwaka 1966. Tuieleze vizuri, maana uzuri wake ni wepesi wake. Huchaguliwa barabara yenye urefu wa maili 24 na nusu. Mhesabu huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Kila baada ya nusu maili husimama dakika 3 kamili, akaandika kila ndege amsikiaye na kila ndege amwonaye karibu, akaenda mbele. Hivyo husimama mara 50. Hufanya hivyo mara moja kwa mwaka, katika majira ya kuzaa, barabara ile ile, vituo vile vile. Wahesabu wengi si wataalamu wa kulipwa. Ni walimu, makarani, wakulima, watu wajuao sauti za ndege.

Mwanafunzi mwerevu atasema: hesabu hiyo ina makosa, maana ndege walio mbali na barabara hawahesabiwi, na aliyenyamaza dakika zile tatu hahesabiwi. Kweli. Robbins alijua hivyo. Lakini kosa likiwa lile lile kila mwaka, haliharibu ulinganisho. Mizani ya sokoni inayozidisha wakia moja kila siku haitakwambia uzito wa kweli wa ndizi zako, lakini itakwambia kama za leo ni nzito kuliko za jana. Ndiyo sababu masharti ya saa, dakika na kituo ni makali.

Leo ziko barabara za namna hiyo maelfu katika Marekani na Kanada. Mwaka 2019 wataalamu, wakitumia hesabu hizo pamoja na nyingine, walitangaza kwamba ndege wa Amerika ya Kaskazini walikuwa wamepungua kwa karibu bilioni 3 tangu 1970, yaani zaidi ya robo ya wote. Wengi wa waliopungua ni ndege wa kawaida ambao hakuna mtu aliyefikiri kuwahofia. Robbins hakuisikia habari hiyo, kwani alikufa mwaka 2017 mwenye umri wa miaka 98, lakini bila madaftari aliyoyaanzisha isingaliweza kujulikana.

Na wale albatrosi 99? Mwaka 2002 Robbins, sasa mzee wa miaka zaidi ya 80, alirudi Midway. Wanamaji walikuwa wamekwisha ondoka, na kisiwa kimekuwa hifadhi ya ndege. Akakamata albatrosi, akasoma namba za pete zao, akaziandika, kama ilivyokuwa desturi yake. Hakuona la ajabu. Aliporudi ofisini akaanza kulinganisha namba na madaftari, kutoka pete mpya hadi pete ya kabla yake, na ya kabla ya hiyo. Maana alumini huliwa na chumvi na mchanga, na watu waliomkamata ndege huyo katika miaka ya katikati walikuwa wamembadilishia pete iliyochakaa, kila mara wakiandika namba ya zamani pamoja na mpya. Mwisho wa mnyororo huo akafika kwenye ukurasa wa tarehe 10 Desemba 1956, ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa ile tarakimu ya 5. Ndege huyo alikuwa akilalia yai mwaka 1956, kwa hiyo hakuwa na umri chini ya miaka 5. Basi alizaliwa si baada ya mwaka 1951, na mwaka 2002 alikuwa na miaka 51 au zaidi. Hakuna ndege mwingine wa porini ajulikanaye kuishi umri mkubwa kuliko wake. Nasema ajulikanaye, maana albatrosi wengine ambao pete zao zilikatika kabla ya kubadilishwa huenda wakawa wakubwa kuliko yeye, lakini hao hawana ushahidi.

Ndege huyu ni jike. Watunzaji wa hifadhi wakampa jina la Wisdom, yaani Hekima, na pete nyekundu yenye alama Z333 iliyo rahisi kusomwa kwa mbali. Wataalamu walikadiria kwamba albatrosi mzima husafiri maili 50,000 kwa mwaka. Zidisheni wenyewe kwa miaka 55, tangu 1956 hadi 2011, kisha mgawanye kwa maili 478,000, ambazo ni kwenda mwezini na kurudi. Mtaona kwamba amekwenda na kurudi zaidi ya mara tano.

Mwaka huo wa 2011, mwezi wa Machi, lile wimbi la tsunami lililoangamiza watu wengi Japani lilifika Midway usiku, likaua makinda wapatao 110,000 na wazazi si chini ya 2,000. Wisdom na kinda lake walisalimika. Hatari nyingine hazina kishindo kama hicho. Albatrosi huokota vitu vielekeavyo juu ya maji, na siku hizi pamoja na mayai ya samaki huokota vifuniko vya chupa na viberiti vya plastiki, wakawalisha watoto wao. Makinda waliokufa wakipasuliwa, matumbo hukutwa yamejaa takataka hizo. Na mwaka 2015 panya wadogo wa nyumbani, walioletwa kisiwani na watu, walianza kuwauma albatrosi wazima waliokuwa juu ya mayai, nao wasikimbie, kwa kuwa si tabia yao kuacha yai.

Mwisho wa mwaka 2024 Wisdom alionekana Midway tena, akiwa na miaka ipatayo 74, naye alitaga yai.

Wale wa Chama cha Sayansi wanaotaka kujaribu njia ya Robbins hawahitaji mitambo. Chagueni njia moja itokayo shuleni, vituo 10 vitatosha, kila kimoja hatua 500 kutoka mwenzake, na mweke alama ya rangi kwenye mti au jiwe ili mwakani msimame pale pale. Anzeni nusu saa kabla ya jua kuchomoza, dakika 3 kila kituo, mmoja akishika saa na mmoja akiandika. Jina la ndege msilolijua kwa Kiswahili liandikeni kwa lugha ya mahali. Fanyeni mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Juni na mwezi wa Novemba wageni wa kaskazini wanapokuwa wamefika. Mkipata ndege aliyekufa mwenye pete, nakilini namba na maneno yote yaliyomo, na tarehe na mahali, mkampe mwalimu apeleke. Daftari liwe la jalada gumu, na liwekwe maktaba, lisichukuliwe na ye yote nyumbani wakati wa kuhitimu.